Pole Haina Zamu

Anayetaka kuona jinsi watu wetu wanavyojua kupanga kazi, aende msibani. Maiti hajafikishwa nyumbani na tayari turubai limefungwa, viti vimeazimwa, na mtu mmoja amekaa kwenye meza ndogo na daftari, anaandika nani ametoa ngapi. Nyuma ya nyumba akina mama wameshagawana: hawa wanachambua mchele, wale wanamenya vitunguu, wengine wameshika zamu ya maji. Hakuna aliyetuma barua wala kuitisha semina. Arusini ni vivyo hivyo, tena na kamati, kadi za michango na mweka hazina asiyecheka na mtu. Mwanamke akijifungua, uji huletwa, kule Uchagani mtori hupikwa, maji ya kumkanda huchemshwa, na kwa siku arobaini hategemewi kushika ufagio. Huu ni msaada wa jamii kwa maana yake kamili, na sina nia ya kuudharau. Lakini una sharti moja ambalo hatulitaji kwa kuwa tumelizoea: lazima jambo liwe na mwisho. Matanga huanuliwa. Arobaini hutimia. Sufuria za kuazima hurudishwa kwa wenyewe, na kila mtu hushika lake.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hana arobaini. Wala mwenye usonji hana, wala mwenye sindromu ya Down, wala yule ambaye akiwa na miaka 15 bado anahitaji kuoshwa na kuvishwa kama alipokuwa na miaka 3. Na ulemavu wa makuzi, tofauti na msiba, mara nyingi hauna hata siku ya kwanza. Mtoto hakulia alipozaliwa. Akatolewa, akafungwa kanga, akapelekwa nyumbani na watu wakashangilia. Miezi minne baadaye shingo haijakaza. Jirani anasema watoto hawalingani, atakaza tu. Miezi tisa hajakaa. Bibi anasema hata baba yake alichelewa. Mwaka na nusu ndipo mtu wa kliniki anapotamka neno ambalo mama hajawahi kulisikia, na hapo hakuna mlio wa kuwaita majirani, hakuna turubai, hakuna daftari. Habari haikuja kwa kishindo, ilijipenyeza. Jamii inayojua kukusanyika kwa kishindo haikupata ishara ya kukusanyika. Ndiyo maana nasema akina mama hawa hawakukosa huruma ya watu. Walichokosa ni zamu. Pole wanapewa kila siku njiani, sokoni, kanisani, msikitini. Lakini pole hutolewa na mtu anayepita, na zamu hushikwa na mtu anayekaa.

Tutazame jambo moja tu kwa karibu, yaani kula. Mtoto wa miaka 6 mwenye mtindio mkali wa ubongo huenda hawezi kutafuna wala kuuongoza ulimi wake. Hawezi kulishwa akiwa amelala chali, kwa sababu atapaliwa na uji utaingia kwenye mapafu. Basi mama hukaa kwenye mkeka au kigoda, akamweka mapajani akiwa wima, mkono wa kushoto ukishikilia kichwa kisianguke nyuma, kidevu kikielekezwa chini kidogo, mkono wa kulia ukipeleka nusu kijiko. Anasubiri. Sehemu ya uji inarudi na mate, anafuta kwa kitambaa begani, anasubiri tena mpaka aone koo limepanda na kushuka, ndipo apeleke kijiko kingine. Mlo mmoja unaweza kumaliza saa nzima, na milo ni mitatu au minne, na katikati yake kuna kubadilisha nguo, kufua, kunyoosha viungo, kumgeuza upande asipate vidonda, kumpa dawa ya kifafa kwa saa yake. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu. Ukishaondoa usingizi, ambao nao hukatwa vipande, mama huyu hana saa tatu za mfululizo ambazo mikono yake yote miwili ni mitupu. Hawezi kwenda kulima vibarua, hawezi kukaa kwenye meza ya nyanya sokoni, hawezi kwenda kwenye arusi ile ile ambayo kamati yake inamdai mchango. Asipohudhuria ya wenzake, na wenzake huacha kuhudhuria ya kwake. Ndivyo daftari letu linavyofanya kazi. Mtu huyu hakutengwa na yeyote kwa makusudi. Alitolewa kwenye mzunguko kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwachia kijiko.

Mwanasosholojia James House aliandika mwaka 1981 kwamba msaada anaopewa mtu na wenzake una sura nne: wa moyo, wa vitendo, wa taarifa, na ule wa kumsaidia ajipime na kujua kama anafanya sawa. Mgawanyo huo umezeeka lakini bado una kazi, kwa sababu unatuwezesha kuuliza ni sura ipi hasa imepungua. Ambikile na Outwater waliwahoji walezi wa watoto wenye matatizo ya akili katika kliniki ya Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapisha mwaka 2012. McNally na Mannan walifanya kazi Moshi na kuchapisha mwaka uliofuata. Gona na wenzake waliandika mwaka 2011 juu ya walezi wa Kilifi, Kenya: wote hawa walikuta kwamba walezi wengi ni wanawake, na malalamiko yalirudi pale pale. Fedha hazitoshi, kazi imekatika, ndugu wamesogea mbali, hakuna wa kumwachia mtoto. Katika sura nne za House, ile ya moyo sisi tunaitoa bure na kwa ufasaha. Lugha yetu ina neno moja la silabi mbili linaloenea kila balaa. Ile ya vitendo tunaitoa kwa matukio. Kwa mzigo usio na tarehe hatuna utaratibu, na mahali pasipo na utaratibu hata mtu mwema huishia kupita.

Kwamba urefu wa muda ndio unaoumiza si kisio tu. Mwaka 2004 Elissa Epel, Elizabeth Blackburn na wenzao walichapisha utafiti juu ya wanawake 58 nchini Marekani, wengi wao wakiwa wanalea mtoto mwenye maradhi au ulemavu wa kudumu. Walipima ncha za kromosomu katika seli za damu, zile ncha ambazo hufupika kadiri mwili unavyozeeka, na ambazo Blackburn alikuja kupewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2009 kwa kuzichunguza. Wanawake waliojiona wamelemewa zaidi walikuwa na ncha zilizofupika kama za watu waliowazidi umri kwa miaka 10 au zaidi, na miongoni mwa walezi, kadiri miaka ya ulezi ilivyozidi ndivyo dalili za uchakavu zilivyozidi. Ni wanawake 58 tu, tena wa California. Sitaki kuwavika akina mama wa Tandahimba matokeo ya watu wengine. Lakini angalia kilichojitokeza: kilichokwenda sambamba na uchakavu ni miaka ya ulezi na hisia ya kulemewa. Tunasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hata kanda la usufi, ukilibeba miaka 14 bila kulitua, litakuvunja mgongo.

Na walio chini ya mzigo huo si wachache. Hesabu iliyotolewa mwaka 2018 katika jarida la Lancet Global Health ilikadiria kuwa mwaka 2016 dunia ilikuwa na watoto milioni 52.9 wa chini ya miaka 5 wenye ulemavu wa makuzi wa aina moja au nyingine, na asilimia 95 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Jambo la kushangaza katika hesabu hiyo ni kwamba tangu mwaka 1990 idadi ya dunia nzima ilikuwa haijapungua kwa maana yoyote, ingawa vifo vya watoto vilikuwa vimepungua sana, na Afrika kusini mwa Sahara idadi ilikuwa imepanda. Sababu moja iko wazi. Watoto wanazaliwa wengi zaidi, na yule ambaye zamani angekufa kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa manjano, kwa malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo, leo anapona, ila wakati mwingine anapona na jeraha la ubongo. Tunajivunia, na ni haki kujivunia, kwamba kliniki zimemwokoa. Lakini tumemwokoa kisha tukamkabidhi mtu mmoja.

Mtu atasema: mbona ukoo upo? Mkono mmoja haulei mwana, wahenga walishasema, na mtoto wa Kiafrika ni wa wote. Huu ni ubishi unaostahili jibu lenye heshima, kwa sababu kwa sehemu ni kweli. Nyumba nyingi zenye mtoto wa namna hii husimama kwa sababu ya bibi. Bila bibi, mama asingefika hata dukani. Ila bibi anazeeka wakati mtoto anazidi kuwa mzito. Mjukuu wa kilo 8 anayebebwa kwa mbeleko hugeuka wa kilo 25, na magoti yale yale ndiyo yanayomnyanyua. Halafu vijana wamehamia mjini, na ukoo wa mjini ni chumba kimoja cha kupanga na mwenye nyumba anayelalamika kuhusu kelele. La tatu ndilo zito: kwa mama huyu, ukoo mara nyingi ndio mahakama. Mtoto akizaliwa mwenye afya, ni wa ukoo. Akiwa na ulemavu, yanaanza maswali kuhusu upande wa mama. Kwao kulikuwa na nini? Alivunja mwiko gani? Nani kamchezea? Degedege, ambayo daktari huisoma kama dalili ya homa kali, malaria au kifafa, katika vijiji vingi ilisomwa kama kazi ya pepo, na mama alionywa asikubali sindano. Mtoto mwenye usonji hana alama usoni, kwa hiyo akipiga kelele ndani ya daladala abiria hawaoni ulemavu, wanaona malezi. Hapo methali nyingine hunyanyua kichwa: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sijui kama tunayo methali katili zaidi kwa mama wa mtoto mwenye usonji. Anabeba mzigo wa mchana, na bado anahukumiwa kwamba yeye ndiye aliyeufunga.

Hukumu hiyo ina mwisho mbaya zaidi ya upweke. Ripoti ya shirika la Disability Rights International ya mwaka 2018 kuhusu Kenya ilieleza kwamba karibu nusu ya akina mama waliohojiwa jijini Nairobi walisema walishinikizwa na watu wao wamwue mtoto. Ni watu waliofikiwa na shirika moja, si sensa ya nchi, na haifai kuitumia kama fimbo ya kuwachapa Wakenya. Lakini hata ingekuwa ni mmoja kwa kumi, ingetosha kutuonyesha kwamba neno ukoo halitoshi kuwa jibu. Na kuhusu akina baba: tafiti za walezi nilizozitaja awali zinataja waliokimbia. Zinataja pia waliobaki, na mwanamume aliyebaki ana mateso yake, kwani huambiwa na rafiki zake aoe kwingine apate watoto. Wengine watauliza kwa nini basi makala hii inasema mama, mama, kana kwamba tunampigia muhuri kuwa kazi ni yake. Nasema mama kwa kuwa ndiye aliyekaa kwenye kigoda. Siku atakayekaa mwingine nitabadilisha neno. Zamu yenyewe, kama itapangwa, mtu wa kwanza kwenye orodha awe baba.

Zamu itapangwaje? Si lazima tuagize chochote. Kila mtaa una mchezo, wengine huuita upatu, wengine kibati, Kenya ni chama. Watu kumi wanatoa kiasi fulani kila wiki, kila wiki mmoja anapokea chote, mzunguko ukiisha unaanza upya. Hakuna anayempa mwenzake sadaka. Ni haki inayozunguka, na anayevuruga hufuatwa mpaka mlangoni. Tofauti na msiba, upatu haukuzaliwa kwa tukio. Ulizaliwa kwa muda usio na mwisho. Hebu tuweke saa mahali pa shilingi. Wanawake sita wa mtaa mmoja, wawili wenye watoto wa namna hii na wanne wasio nao, wakakubaliana kwamba kila Jumanne kuanzia saa nne hadi saa saba mmoja anakaa na mtoto. Anayepumzishwa naye hulipa kwa anachoweza: kumsuka mwenzake, kumfulia, kumuuzia mboga kesho yake. Jumuiya ndogondogo za Kikatoliki zimezoea kukutana nyumba kwa nyumba kila wiki. Vikundi vya akina mama wa msikiti vipo. Balozi wa nyumba kumi anajua kila mlango. Kinachohitajika ni kuandika siku na saa kwenye daftari lile lile linaloandikwa michango ya arusi.

Nimesema wanne wasio na mtoto mwenye ulemavu, na nimelisema makusudi. Tabia yetu, na tabia ya miradi mingi ya wafadhili, ni kuwakusanya akina mama wenye mzigo mmoja wakae pamoja. Kuna faida kubwa katika hilo, na ushahidi upo karibu na nyumbani. Huko Kilifi, Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao walifuatilia vikundi vya kujisaidia vya walezi wa watoto wenye ulemavu na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Walikuta walezi wakijiona wana watu wa kuegemea kuliko awali, na walipochunguza ni nini hasa kilicholeta mabadiliko waliona mambo matatu yakifanya kazi kwa pamoja: kushika fedha na bidhaa zao wenyewe, kuunganika wao kwa wao, na kugundua kwamba wana uwezo wa kuamua. Kwa hiyo anayedhani vikundi hivi ni mahali pa kulia kwa zamu hajavitazama. Mtu aliyekuwa ombaomba wa huruma akishika ufunguo wa sanduku la kikundi, hata namna anavyosalimiwa njiani hubadilika. Pamoja na hayo, kikundi cha waliolemewa peke yao kina kikomo kimoja cha hesabu: mwenye mikono iliyojaa hawezi kumpokea mwenzake mtoto. Anaweza kumpa moyo, maarifa na mkopo. Saa hawezi kumpa, kwa kuwa hana.

Kasoro nyingine iko kwenye mafunzo. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwafundisha walezi stadi, wenye vipindi tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na Kenya ni moja ya nchi ambako umejaribiwa. Ni mpango mzuri. Unamfundisha mlezi kucheza na mtoto, kuzungumza naye ndani ya kazi za kawaida za nyumbani, kuelewa kwa nini anajipiga au anapiga kelele. Katika nchi ambayo mtaalamu wa mazoezi ya viungo yuko umbali wa nauli ya siku tatu, ni nani mwingine atakayemfundisha mtoto ila mama? Lakini tukubaliane kwamba kila stadi mpya ni kazi mpya juu ya kigoda kile kile. Mama aliyefika kliniki kuomba nafuu anarudi na karatasi ya mazoezi ya asubuhi, mchana na jioni, na asipoyafanya anajilaumu. Mafunzo yasiyoambatana na mtu wa kupokezana ni mzigo uliofungwa kwa utepe mzuri. Wafundishwe pia wale wanne.

Hapa unakuja ubishi ambao mimi naona ndio mzito kuliko yote, nao hutolewa na akina mama wenyewe. Nimwachie nani mwanangu? Mtoto asiyeweza kusema hawezi kueleza alichofanyiwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa katika Lancet mwaka 2012 ulikadiria kwamba watoto wenye ulemavu wako katika hatari ya kufanyiwa ukatili karibu mara 4 zaidi ya wenzao. Hofu ya mama, basi, ni akili timamu, na yeyote anayemwambia aache wasiwasi amjibu kwanza kuhusu takwimu hiyo. Nasema kwamba hofu hii inatufundisha zamu ishikwe vipi. Isishikwe na mgeni mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Ishikwe barazani, na watu wawili kila inapowezekana, mahali panapopitwa na watu. Na mwezi wa kwanza mama asitoke kabisa. Akae pembeni na kumwangalia jirani akilisha, amrekebishe mkono, amwambie subiri bado hajameza, amwonyeshe sauti ya njaa na sauti ya maumivu. Katika mwezi huo mama ndiye mwalimu wa mtaa. Mtu aliyekuwa akitazamwa kwa jicho la pole anaanza kuulizwa maswali na kutoa majibu, na nadhani mabadiliko hayo, hata kabla saa moja ya mapumziko haijapatikana, yana thamani yake.

Serikali nayo isifurahie haya mapema, ikadhani majirani wamekubali kuivua kazi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Kenya ilitangulia mwaka 2008. Ibara ya 28 ya mkataba huo inataja wazi kwamba familia za watu wenye ulemavu zinazoishi katika umaskini zipate msaada wa dola kwa gharama zinazotokana na ulemavu, ikiwemo mafunzo, ushauri, fedha, na mapumziko ya mlezi. Mapumziko ya mlezi: maneno hayo yamekaa ndani ya hati tuliyoitia saini. Kenya imepiga hatua moja ya kweli. Ina ruzuku ya kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji uangalizi wa kudumu, na kwa kufanya hivyo imekiri kwamba kuna mlezi. Kiasi chenyewe ni shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, na kimebaki hapo kwa zaidi ya miaka 10 huku unga na nepi vikipanda bei. Afrika Kusini hulipa mlezi wa mtoto mwenye ulemavu mkali zaidi ya randi 2,000 kila mwezi hadi mtoto afikishe miaka 18. Tutaambiwa Afrika Kusini ni tajiri. Ni kweli, na hakuna anayedai kiasi kile kile kesho. Kinachodaiwa ni ile kanuni, kwamba saa za mlezi ni kazi na zina bei.

Tanzania ina njia nyingine: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Naiheshimu, ila mkopo humtaka mtu mwenye mikono iliyo huru. Ukimkopesha mama ambaye hana wa kumwachia mtoto, umempa deni, hukumpa mtaji. Ndiyo maana msaada mkubwa kuliko wote ambao dola inaweza kumpa mama huyu hauna jina la msaada. Unaitwa shule. Kitengo maalumu chenye mwalimu aliyefunzwa na choo kinachofikika, kilicho umbali ambao mtoto anaweza kupelekwa na kurudishwa, ni zamu ya saa sita kwa siku, siku tano kwa wiki. Kitengo hicho kikiwa wilaya ya pili, elimu bila ada humsaidia mtoto anayetembea. Kwa anayebebwa, ada ilikuwa nauli, na konda wa daladala hajasoma waraka wowote.

Basi nimalizie kwa ombi, msomaji, kwa kuwa huenda nyumba ya namna hii unaijua. Iko mlango wa tatu kutoka kwako, au ni ya binamu ambaye umeacha kumtembelea kwa sababu hujui useme nini. Usiende na maneno. Nenda Jumanne, uulize siku gani ya wiki ndiyo nzito, kisha uulize mtoto hushikwaje anapolishwa. Ukionyeshwa, kaa kwenye kigoda.